Mtaa unataka kupiga kura kuhusu wapangaji wa kigeni: tuanzie wapi?

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi, na shikamoo kama umri unanidai. Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa mmoja hapa Arusha, upande wa Sakina. Daftari letu la wakazi lina kaya 640. Kati ya hizo, kaya 38 zina angalau mtu mmoja asiye raia. Wakenya ndio wengi, wanafuata Wakongo na Warundi, kisha vijana wa Kizungu wanaojitolea kwenye shule na vituo vya watoto, familia mbili za Kihindi, na watumishi wachache wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mkutano uliopita ulichafuka. Kwenye muhtasari niliandika hivi: vyumba vimepanda bei kwa sababu wako wanaolipa miezi sita kwa mpigo, tena kwa dola. Fremu ya kutengeneza simu pale kituo cha daladala ni ya mtu wa nje aliyeweka jina la Mtanzania mbele. Kikundi cha maombi cha Wakongo kinapiga ngoma na spika hadi usiku wa manane. Wapangaji wapya nusu yao hawana vibali. Mwenye nyumba mmoja amekwisha kurusha picha ya pasipoti ya mpangaji wake kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, eti "ili tumjue".

Likatolewa pendekezo kwamba asiye raia asipangishwe chumba bila idhini ya mkutano wa mtaa. Kabla ya kulipigia kura, tukusanye maoni nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo nimepewa mimi, na swali nimekabidhiwa likiwa limeshaandikwa:

"Je, unakubaliana kwamba wageni wanachukua ajira za Watanzania, wanapandisha kodi za nyumba na kuharibu maadili yetu? NDIYO / HAPANA."

Wajumbe wamejitolea kupita kila geti na karatasi yenye safu tatu: jina, jibu, sahihi. Naomba kujua, je, mtaa una mamlaka ya kupitisha jambo hili? Kama swali ni baya, tuulize nini, tumuulize nani na kwa njia gani? Na mkutano ujao tuuendesheje usigeuke ngumi? Nina wiki tano.

Katibu, Arusha

*

Ndugu Katibu,

Marahaba, naipokea. Wiki tano zinatosha, mradi usianze na swali hilo ulilokabidhiwa.

Tuanze na mamlaka. Mtaa hautungi sheria ndogo. Kwa mjini kazi hiyo ni ya halmashauri, kwenu Halmashauri ya Jiji, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Mkutano wa mtaa unajadili, unashauri na kupeleka mapendekezo kwenye kata. Hauwezi kumpangia mwenye nyumba nani alale kwenye chumba chake. (Wasomaji wa vijijini, Machame au Meru, msilichukue jibu hili kama lilivyo: halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ila nayo lazima ipitie halmashauri ya wilaya na isipingane na sheria ya nchi.) Juu ya hayo iko ibara ya 13 ya Katiba, ambayo ikieleza maana ya kubagua inataja utaifa, kabila na pahala mtu alipotokea. Sheria za nchi hutofautisha raia na asiye raia kwenye ajira na biashara, tena kwa ukali, kama utakavyoona hapa chini. Lakini tofauti hizo huwekwa na Bunge na mawaziri. Mkutano wa chini ya mjakaranda hauna uwezo huo. Mwambie mwenyekiti wako hili mapema, kabla watu hawajaahidiwa kura isiyo na meno.

Ile picha ya pasipoti ifutwe leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na pasipoti ina jina, tarehe ya kuzaliwa, namba na picha, yaani kila anachohitaji tapeli wa laini za simu. Mwenye nyumba ana haki ya kubaki na nakala kwa ajili ya mkataba wake na daftari la mtaa. Kuirusha kwa watu mia mbili ni jambo jingine kabisa.

Sasa malalamiko yenyewe. Kosa kubwa la mikutano ya aina hii ni kuyafunga malalamiko manne kwenye kamba moja na kuipa kamba hiyo jina "wageni". Ukiyafungua utakuta kila moja lina ofisi yake, na mawili kati ya hayo mhusika mkuu ni Mtanzania.

Chukua kodi ya nyumba. Tangu 28 Machi 2025, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza bei au kulipia bidhaa na huduma ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa humo. Anayedai dola kwa chumba cha Sakina ni mwenye nyumba, na aliyemfundisha ni dalali. Mpangaji anatoa alichoambiwa atoe. Katika muhtasari wako, lalamiko hilo liandike kwa jina lake: "baadhi ya wenye nyumba wanatoza kodi kwa dola na kudai miezi sita." Utashangaa sauti zitakavyoshuka, maana si ajabu kwamba aliyesimama kulalamika ana vyumba vitatu nyuma ya nyumba yake.

Fremu ya simu nayo si ya kubishania mkutanoni. Julai 2025 ilitoka amri ya leseni za biashara inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Zimo kutengeneza simu, uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, saluni (isipokuwa zilizo ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii), usafi wa nyumba na ofisi, kuongoza watalii, maduka ya vinyago na kumbukumbu, udalali wa nyumba na kununua mazao shambani. Kwa mji unaoishi kwa utalii kama Arusha au Moshi, orodha hiyo inagusa kila kona. Asiye raia anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali. Waliokuwa na leseni hai waliruhusiwa kuendelea hadi iishe muda. Wengi hawafiki kwenye kifungu kinachofuata: raia anayemsaidia asiye raia kukiuka, pamoja na kumwazima jina, naye ana kosa, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Mambo yote haya yanakwenda kwa afisa biashara wa Jiji, kwa barua iliyopita kwa mtendaji wa mtaa. Vijana wa doria wasikanyage kwenye fremu ya mtu kuomba leseni.

Vibali vinachanganya hata watu wazima, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia. Kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji: daraja A kwa wawekezaji na wanaojiajiri, B kwa walioajiriwa, C kwa wanafunzi, watafiti, wamisionari, wanaojitolea na wengine wa namna hiyo. Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine, na hapo ndipo matatizo huanza. Kosa la Mkenya aliyeingia Namanga au Holili ni kudhani muhuri wa mpakani unamruhusu kufanya kazi. Haumruhusu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza 1 Julai 2010, lakini Tanzania ilifungua soko la ajira kwa makundi fulani tu ya taaluma, na hata hao wanapitia kibali. Kosa la kijana wa Kizungu ni kufundisha watoto miezi miwili kwa viza ya utalii, tena mara nyingi akiwa ameambiwa na waliomleta kwamba haina shida. Ukifuatilia vibali vya Warundi peke yao ukawaacha hao, mtaa mzima utajua unafuatilia nini. Watumishi wa Jumuiya wana utaratibu wao wa kimkataba, usiwachanganye humo.

Kazi ya mtaa katika vibali ni ndogo na iko wazi. Mwenye nyumba achukue nakala ya ukurasa wa picha, ukurasa wa muhuri au kibali, aandike tarehe ya kuisha, na amwandikishe mpangaji kwenye daftari. Penye shaka, taarifa iende ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Kuwahifadhi watu unaojua wapo kinyume cha sheria ni kosa pia, kwa hiyo mwenye nyumba ana sababu yake mwenyewe ya kufuata utaratibu. Msitume mtu yeyote kukagua "wanaofanana na watu wa nje". Mha wa Kigoma anaitwa Mrundi kila siku kwa sababu ya lafudhi, na Wamaasai wako pande zote mbili za Namanga. Doria ikianza kutambua uraia kwa matamshi, wa kwanza kubughudhiwa atakuwa raia.

Kelele za maombi: weka muda wa mwisho wa spika, uwe mmoja kwa kanisa, msikiti, baa na sherehe za kipaimara. Wakikataa, wapo NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Basi.

Turudi kwenye swali lenu. Lina maswali matatu tumboni. Mama anayeona kodi imepanda lakini haoni tatizo la ajira atajibu ndiyo au hapana? Pia linaanza na "unakubaliana", na Mtanzania aliyebishiwa hodi na mjumbe wake, jioni, akiwa na ugali jikoni, atakubaliana na karibu lolote ili mgeni wake aondoke na heshima. Mkigeuza sentensi mkauliza "Je, unakubaliana kwamba wakazi kutoka nje wanaleta fedha na maarifa mtaani?", sehemu kubwa ya watu walewale watakubali tena. Na jibu lenye jina na sahihi mbele ya mjumbe halina sifa ya kuitwa maoni. Ni ombi la pamoja, na nani atakataa kusaini?

Kisha neno "mgeni". Hili ndilo litakaloharibu dodoso lenu hata mkirekebisha mengine yote. Dereva wa kampuni ya utalii akisema "leo nina wageni" anamaanisha watalii, na ukimuuliza kama wageni wana faida atakujibu kwa mshahara wake. Bibi anamfikiria mjukuu aliyetoka Singida. Mpare aliyehamia juzi anajifikiria mwenyewe. Kule Moshi hali ni hiyohiyo kwa namna nyingine: aliyeoa au kuolewa Uchagani kutoka kabila lingine anaweza kuitwa "chasaka" miaka thelathini, na pasipoti yake ni ya Tanzania. "Mhamiaji" nalo halifai, kwa sababu redioni limezoeleka kuandamana na "haramu". "Mkimbizi" limeshakuwa tusi la watoto shuleni. Andika maana nzima, na mhojaji aisome kila mara bila kufupisha: "mtu asiye raia wa Tanzania anayeishi mtaani hapa kwa zaidi ya miezi mitatu." Ni ndefu, ndiyo. Kwa kina mama wa Kiarusha wanaopendelea Kimaasai, kubalianeni tafsiri moja kabla, mhojaji asijitungie akiwa mlangoni.

Mpangilio wa maswali una uzito kuliko watu wanavyodhani. Anza na kodi kabla neno la uraia halijatajwa: "Katika miezi 12 iliyopita, kodi unayolipa imepanda, imeshuka au iko vilevile?" Kisha: "Unadhani sababu kubwa ni nini?" Hapo mhojaji asisome majibu, aandike maneno ya mtu kama yalivyotoka. Akitaja wasio raia mwenyewe, umepata kitu cha kweli. Akitaja dalali, barabara ya lami au bei ya saruji, umepata kitu cha kweli pia. Ukianza na wageni, kila kitakachofuata kitanusa wageni.

Swali la pili liwe la ujirani, kwa mtindo wa Afrobarometer, utafiti wa maoni unaofanywa katika nchi nyingi za Afrika tangu 1999. Unamtajia mtu makundi mojamoja, naye anasema angependa sana, angependa kiasi, asingejali, asingependa kiasi, au asingependa kabisa kuwa naye jirani. Usitaje wasio raia peke yao. Weka mtu wa dini nyingine, mtu wa kabila lingine, mtu kutoka mkoa mwingine, kisha mtu asiye raia. Pasipo kulinganisha hutajua kama mjibuji anachukia watu wa nje au anachukia majirani kwa jumla, na wapo.

Unaweza kuongeza ngazi za Emory Bogardus, Mmarekani aliyezianzisha miaka ya 1920 kupima umbali wa kijamii: ungekubali asiye raia afanye kazi nawe, awe jirani, awe rafiki wa karibu, aoe au aolewe kwenu? Tazama mahali watu wanapokwama. Wakikwama kwenye kazi lakini wakapita kwenye ujirani, tatizo lenu ni la riziki. Wakipita kwenye kazi wakakwama kwenye ndoa, usihangaike, Wachaga na Wapare wamekwama hapo hapo vizazi na vizazi na bado wanauziana ndizi.

Uliza pia: "Kati ya kila watu 100 wa mtaa huu, unadhani wangapi si raia?" Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha watu hutaja idadi kubwa kuliko halisi, na daftari lako litakupa ya kulinganisha. Hesabu watu kwanza, usitumie kaya: kaya 38 kati ya 640 ni karibu 6 katika 100, lakini nyingine zina mtu mmoja tu asiye raia ndani yake. Usitegemee mno kwamba ukiwasomea idadi sahihi mioyo italainika. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kuwa mtu husahihisha namba yake akabaki na msimamo wake. Namba inafaa kuzima uvumi wa "nusu ya wapangaji", zaidi ya hapo usiitwishe mzigo.

Lile pendekezo la idhini, kama ni lazima liulizwe, lije mwisho, kwa karatasi ndogo inayotumbukizwa kwenye sanduku lililofungwa, mhojaji akiwa amegeuka. Ukisoma mahali kuhusu mbinu ya kuwapa nusu ya watu orodha ya vitu vinne na nusu vitano ili kuficha jibu la mtu mmojammoja, iache. Inahitaji mamia ya watu ndipo isomeke, nawe hutakuwa nao.

Utahoji watu 80. Orodhesha milango, usiorodheshe mageti. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, na geti moja la nyumba ya kupanga linaweza kuwa na kaya nane. Mkipita geti kwa geti mtamhoji mwenye nyumba mara nyingi na mpangaji mara chache, na hao wawili hawana maslahi yanayofanana juu ya kodi. Kaya 640 gawa kwa 80, unapata 8. Andika namba 1 hadi 8 kwenye vikaratasi, chomoa kimoja: ikitoka 5, unahoji kaya ya 5, ya 13, ya 21, hadi mwisho. Ndani ya kaya, hoji mtu wa miaka 18 na zaidi ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu zaidi kufika, na kama hayupo rudi, hadi mara tatu, usichukue aliyekaa barazani. Mkipita saa nne asubuhi mtakuta kina mama na wazee. Vijana wa bodaboda na mafundi wanapatikana kuanzia saa kumi na moja jioni na Jumapili baada ya ibada.

Wahojaji wasiwe wajumbe wala watu wa doria. Tafuta vijana wanne waliomaliza kidato cha sita, wasiotoka mtaa wenu, wawili wa kike. Kila mmoja mahojiano matano kwa siku, siku nne, mmemaliza 80. Barua ya mtendaji wa mtaa wawe nayo mkononi. Dodoso lisizidi maswali 12 wala dakika 15. Kabla ya yote lijaribuni kwa watu sita wa mtaa jirani, na kila swali mwambie mjibuji alirudie kwa maneno yake. Atakachokosea kurudia ndicho kilichoandikwa vibaya.

Kwa watu 80 kati ya kaya 640, kila asilimia utakayopata inaweza kuyumba karibu 10 juu au chini. Kwa hiyo 54 kwa 46 hakuna mshindi, na yeyote atakayesimama kusema "wengi wamekubali" mkatalie. 75 kwa 25 hapo kuna habari. Ukitenganisha wanaume na wanawake, 40 kwa 40, kuyumba kunafika karibu 15. Usitenganishe zaidi ya hapo.

Katika sampuli hiyo kaya zenye asiye raia zitaangukia kama tano tu, huwezi kusema lolote kuhusu watu hao kwa kaya tano. Zifuate zote 38 pembeni, zisichanganywe na zile 80. Waulize kodi wanayolipa, kwa fedha gani, miezi mingapi, na nani aliwaonyesha chumba. Hilo la mwisho litakuletea majina ya madalali wawili au watatu. Majina hayo yaishie kwenye kazi ya ndani ya kamati, yasisomwe mkutanoni.

Mkutano sasa. Usiufungue na kura. Bandika ukutani karatasi nne kubwa: kodi, biashara, vibali, kelele. Anayesimama kuongea aseme kwanza anaongea kwenye karatasi ipi. Akisema "zote", mwambie achague. Chini ya kila karatasi andika ofisi inayohusika na jina la mjumbe atakayefuatilia, na tarehe ya kurudisha majibu. Dakika 20 kwa karatasi zinatosha, na ya kodi mpe 30.

Atasimama mtu kusema Arusha haijawahi kuwa na watu wa kuja. Mjibu kwa upole na kwa kifupi. Waarusha wenyewe walitoka Arusha Chini katika karne ya 19. Tengeru, hapo barabara ya Moshi, walikaa wakimbizi wa Poland wapatao 5,000 kuanzia 1942, na makaburi yao yapo hadi leo. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikuwa mjini hapa tangu miaka ya 1990 hadi 31 Desemba 2015, na watumishi wake walitoka kila bara. Halafu nyamaza. Historia inajibu dai la historia, haimjibu mama ambaye chumba chake kimetoka elfu 60 hadi elfu 90. Ukimpa huyo somo la Wapoland atajua umemkwepa, na atakuwa sahihi.

Baada ya mkutano kuna kazi moja zaidi, na hii ndiyo inayobadilisha mitazamo kwa uhakika zaidi kuliko hotuba. Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba watu wa makundi tofauti hupunguza ubaguzi wakikutana kwa hadhi sawa, wakiwa na lengo moja, wakishirikiana kulifikia, na viongozi wakiunga mkono waziwazi. Mamia ya tafiti zilizofuata zimempa haki kwa sehemu kubwa. Mnao tayari usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Gawa watu makundi ya watano watano kwa kuchomoa vikaratasi, kila kundi mita 30 za mfereji, machepeo mawili, toroli moja, na saa moja na nusu. Usipange kundi la Wakongo na kundi la wenyeji, hapo umeandaa mashindano. Usiwaache wenyeji wasimamie huku wengine wakizoa tope, na kijana wa Kizungu akijitolea kununua soda za watu wote mkatalie, achange elfu moja kama wengine. Hadhi sawa huvunjikia kwenye soda. Mwenyekiti naye ashike chepeo. Akija na shati jeupe akasimama kivulini, sharti la nne la Allport limeshaondoka.

Utakapowasomea watu matokeo, taja kwanza ni wangapi walikataa kuhojiwa au hawakupatikana mara zote tatu. Wakizidi robo ya wale 80, sema wazi kwamba mnayo maoni ya waliopenda kuongea, na ahirisha mazungumzo yoyote ya kupeleka pendekezo kata. Dodoso zisizo na majina zibaki ofisini kwa mtendaji, na vikaratasi vya sandukuni vihesabiwe mbele ya watu watatu, mmoja wao mpangaji.